Kinyama kilichofika bila habari za dawa: kisa cha uvimbe wa pituitari uliobadilika sura

Saa nne na nusu asubuhi simu kutoka chumba cha upasuaji ililia kwenye maabara yetu ya patholojia, tunakochunguza tishu kwa hadubini. Kinyama, yaani kipande cha tishu cha kupimwa, kilikuwa njiani, na daktari wa upasuaji alitaka jibu la haraka mgonjwa akiwa bado amelala mezani. Muda si mrefu nikaletewa kichupa chenye vipande vitatu vya rangi ya kijivu, kila kimoja hakizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Kimoja kilikuwa kigumu, wembe ulikiteleza kabla ya kukikata. Niliuona ugumu ule, nikaupita.

Fomu iliyoambatana nacho ilikuwa na mstari mmoja na nusu: mwanamume, miaka 41, uvimbe wa pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) usiotoa homoni, maji ya ubongo yanavuja puani, prolaktini (homoni ya maziwa) 3. Penye nafasi ya dawa anazotumia mgonjwa palikuwa pamepigwa kistari.

Uvimbe wa pituitari tuliouzoea ni laini. Ukigusisha kipande chake kwenye kioo, seli zinaachia zenyewe na kutanda, nyingi, zinazofanana, na mara nyingi jibu linakuwa limepatikana kabla hata ya kugandisha kipande. Hiki hakikuachia kitu. Nilikigusisha mara mbili na kioo kikabaki karibu kitupu. Nikakigandisha, nikakata, nikapaka rangi, nikainama kwenye hadubini.

Niliona seli ndogo nyeusinyeusi, zimejipanga kwa mistari myembamba katikati ya mikanda ya kolajeni, nyuzi za kovu, ya rangi ya waridi. Viini vyake vilikuwa vimekolea rangi na kujikunja kingo, na kuvizunguka hapakuwa na saitoplazimu, mwili wa seli unaozunguka kiini, ya kutaja. Pembeni, pale koleo lilipobana, zilikuwa zimeburuzika na kuwa michirizi tu. Kwa jicho la haraka, zile zilikuwa limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu.

Hapo orodha ikaanza kupita kichwani, na kila jina lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Huenda ni kinga ya mwili inayoishambulia pituitari yenyewe. Huenda ni uvimbe wa neva za kunusa uliopanda kutoka puani, au saratani ya seli ndogo iliyosafiri kutoka kwenye pafu, au limfoma, saratani ya limfosaiti. Kila moja ina njia yake ya matibabu, na njia hizo hazikutani popote. Mwenye limfoma anaanzishiwa dawa kali za saratani. Mwenye ugonjwa wa kinga anapewa steroidi. Saratani ya pafu inamrudisha mtu kwenye vipimo vya kifua na mazungumzo magumu na familia.

Nilipiga simu.

“Daktari, naona seli ndogo zenye viini vilivyokolea, na kovu ni jingi. Siwezi kuzipa jina leo.”

“Kwa hiyo siyo adenoma, uvimbe wa kawaida wa pituitari?”

“Sijasema siyo. Nasema kwa kipande hiki sijui. Niongezee kingine kwenye formalini, halafu wewe ziba uvujaji. Usiufuate uvimbe kwa ajili ya jibu langu.”

Neno limfoma lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Naliandika hapa kwa sababu msomaji anayefanya kazi hii anajua lilivyo jepesi kutoka, na linavyokuwa gumu kulirudisha likishaandikwa kwenye faili la mtu. Kilichonizuia ni jambo moja dogo: nilizunguka kipande chote na sikukuta seli hata moja inayogawanyika, wala yale makombo ya seli zilizokufa ambayo limfoma kali huyatapakaza kila mahali. Seli hizi zilikuwa kimya mno.

Mchana wake ndipo nilipoirudia ile namba 3.

Prolaktini ni homoni ya ajabu kidogo kati ya homoni za pituitari, kwa kuwa ubongo kwa kawaida hauiamshi bali huizuia. Kizuizi ni dopamini, inayoteremka kutoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake, kupitia kikonyo kinachoishikilia pituitari. Uvimbe wowote mkubwa ukikibana kikonyo hicho, dopamini haifiki sawasawa, na seli za kawaida zinazotengeneza prolaktini zinapata uhuru. Kiwango kinapanda kidogo, mara nyingi kikibaki chini ya nanogramu 100 kwa mililita. Ndiyo maana mtu mwenye uvimbe mkubwa usiotoa homoni mara nyingi anakutwa na prolaktini iliyopanda kiasi, na mtu mwenye prolaktinoma kubwa, uvimbe unaotengeneza prolaktini wenyewe, anakutwa na mamia au maelfu. Huyu alikuwa na uvimbe uliojaza kishimo chote cha mfupa na kutoboa sakafu yake. Prolaktini yake haikupanda kidogo wala sana. Ilikuwa chini kabisa. Kitu fulani kilikuwa kimeikandamiza, na mara nyingi kitu kinachofanya hivyo kwa ufanisi huo ni dawa.

Nilipiga simu wodini. Muuguzi alinijibu kwamba mgonjwa bado ana usingizi wa dawa, ila mke wake yuko hapo kitandani. Nikaomba kuongea naye.

“Mama, pole na kuuguza. Mgonjwa wetu anatumia dawa yoyote nyumbani?”

“Hapana, daktari. Walimuuliza kama ana dawa ya kila siku, akawaambia hana.”

“Na isiyo ya kila siku?”

Akanyamaza kidogo. “Kuna vile vya Jumatatu na Alhamisi.”

Vilikuwa kwenye mkoba wake: kichupa kidogo cha kioo cheusi, cha vidonge vinane, vimebaki vitatu. Kabegolini, dawa inayoiga kazi ya dopamini, nusu miligramu. Mumewe alikuwa amevimeza mara mbili kwa wiki kwa miezi kumi na moja. Alipoulizwa kuhusu dawa ya kila siku alijibu ukweli mtupu. Swali ndilo lililokuwa na tundu, na kabegolini ilipita humo humo. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu sana, nusu yake huchukua takriban saa 65 kuondoka kwenye damu, ndiyo sababu inatosha kumezwa mara mbili kwa wiki.

Jioni hiyo nikapata historia yote. Mgonjwa ni mwalimu. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza hamu ya tendo la ndoa, akaanza kugongana na watu waliokuwa wakipita kandoni kwake, na kichwa kikawa kinamuuma kila alfajiri. Kliniki nyingine ilimpima prolaktini ikakuta 3,100, na picha ya MRI ikaonyesha uvimbe wa milimita 38 uliokandamiza makutano ya neva za macho juu na kutoboa mfupa chini, hadi kwenye uwazi wa sfenoidi nyuma ya pua. Akaanzishiwa kabegolini, na ndivyo inavyotakiwa: kwa prolaktinoma, hata kubwa kama hiyo, dawa ndiyo tiba ya kwanza na upasuaji huja baadaye kwa sababu maalumu. Ndani ya wiki chache macho yakafunguka. Miezi ikapita, prolaktini ikashuka, uvimbe ukasinyaa hadi milimita 24.

Mwezi wa tano wa dawa akaanza kupata kitu alichokiita mafua. Mke wake ndiye aliyenieleza: akiinama kusahihisha madaftari, tone la maji safi lilidondoka kutoka tundu la kushoto la pua na kutia doa kwenye wino. Alitibiwa mzio. Doa likaendelea. Aliyapuuza maji hayo mpaka yalipokuwa yakimwingia kooni usiku na kumwachia ladha ya chumvi, ndipo akaenda hospitali kubwa, maji yakapimwa beta-2 transferini, protini inayotambulisha maji ya ubongo, na ikathibitika kwamba ni maji ya ubongo. Uvimbe wenyewe ndio uliokuwa umetoboa mfupa na utando wa ubongo, na wakati huohuo ndio uliokuwa umeliziba tundu hilo kama kizibo. Dawa ilipousinyaza, kizibo kikaachia. Kwenye prolaktinoma zilizopenya mfupa wa chini ya fuvu tatizo hili linajulikana, na hatari yake kubwa ni homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa wadudu wa puani wamepata mlango wa kuingia kwenye ubongo. Ndiyo maana alipasuliwa upesi. Timu iliyompasua haikuwa ile iliyomwanzishia dawa, na barua haikuhama kutoka kliniki moja kwenda nyingine.

Sasa nilijua ninachokitazama. Inabaki kueleza kwa nini kilionekana vile, kwa sababu humo ndani kuna jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina tu.

Seli ya prolaktinoma isiyotibiwa ni kiwanda. Ukiitazama kwa hadubini ya elektroni, saitoplazimu yake imejaa mikunjo ya retikulumu ya endoplazimu iliyopangwa kama kurasa za kitabu, na kifaa cha Golgi kimetanuka, vyote kwa ajili ya kutengeneza na kufungasha homoni. Ukubwa wa seli ni ukubwa wa mitambo hiyo. Kabegolini na bromokriptini, dawa ya jamii ile ile, hushika kipokezi cha dopamini aina ya D2 kwenye ngozi ya seli. Kipokezi kikishikwa, cAMP, kemikali inayopeleka ishara ndani ya seli, hushuka, jeni ya prolaktini inapunguziwa kasi, na mitambo isiyo na kazi inabomolewa. Kurasa zile zinapungua, Golgi inanywea, saitoplazimu inakauka hadi kubaki ukanda mwembamba. Kiini nacho kinajikunja na kukolea. Seli inabaki hai, ila imebaki kiini na ngozi.

Hapo ndipo kusinyaa kwa haraka kunapotoka. Mgonjwa anayefunguka macho baada ya siku chache za dawa hajapoteza seli nyingi. Seli ni zile zile, kila moja imepungua. Zipo pia zinazokufa, na kwa muda mrefu zinakuwa si haba, lakini mchango mkubwa wa mwanzo ni wa kunywea. Na kinachonywea kinaweza kujaa tena. Tafiti za tangu enzi za bromokriptini, dawa iliyoingia kwenye tiba miaka ya 1970, zilionyesha kwamba dawa ikisimamishwa saitoplazimu hurudi na homoni hupanda. Mgonjwa anapoambiwa asiache vidonge kwa sababu tu anajisikia vizuri, sababu iko hapo kwenye seli.

Kisichorudi upesi ni kovu. Uvimbe unaposinyaa, nafasi kati ya seli na kuzunguka mishipa ya damu inajazwa na nyuzi za kolajeni, hasa dawa ikitumika kwa miezi mingi. Ugumu ule wembe ulioteleza juu yake ulikuwa kovu hilo. Madaktari wa upasuaji wamelalamikia uvimbe mgumu wa wagonjwa waliokaa muda mrefu kwenye bromokriptini tangu zamani, na lawama hiyo wanaitupa zaidi kwa bromokriptini kuliko kwa kabegolini. Uvimbe laini wa pituitari huvutwa kwa bomba la kunyonya. Ulioota kovu hukatwa kipande kwa kipande jirani na mshipa mkuu wa shingo unaopita hapo kando, na anayeshika kisu anastahili kulijua hilo kabla hajaingia puani. Habari ya dawa ingemfaa yeye kabla ya kunifaa mimi.

Kipande cha pili, kilichokaa kwenye formalini na kutiwa kwenye nta, kilinipa nafasi ya kutulia. Kwa rangi za kawaida picha ilikuwa ile ile, ila kingo za seli zilionekana vizuri zaidi. Kovu lilikuwa limezizunguka kapilari kama mikono ya shati iliyokazwa. Kulikuwa na mabaki ya rangi ya kahawia ya hemosiderini, dalili kwamba damu ilishavuja mle zamani, jambo la kawaida kwenye uvimbe uliotibiwa. Limfosaiti halisi zilikuwepo chache, na kuziona kando ya seli za uvimbe ndiko kulikonifungua macho: viini vya limfosaiti ni vya mviringo safi na kromatini yake, yaani DNA iliyofungashwa ndani ya kiini, imegawanyika kwa mabonge, ilhali viini vya seli zetu vilikuwa na kingo za kukunjamana na kromatini iliyotanda sawasawa kama wino. Kwenye kipande kilichogandishwa tofauti hii ilikuwa imefichwa na barafu.

Halafu zikaja rangi za kingamwili, ambazo kila moja hushika protini moja maalumu. CD45, inayoshika seli nyeupe za damu, ilishika zile limfosaiti chache na kuiacha halaiki yote nyingine. Limfoma ikafutika hapo. Sinaptofisini, alama ya seli zinazotengeneza homoni, ilishika, ingawa kwa wepesi, kwa kuwa hata rangi inahitaji saitoplazimu ya kukaa. Keratini, protini ya kiunzi cha seli, ikashika kwa ukanda mwembamba kuzunguka kiini. Prolaktini yenyewe ndiyo ingemtisha asiyejua: sehemu kubwa haikushika, na zilizoshika zilionyesha nukta moja tu kando ya kiini, pale Golgi iliponywea. Mtu aliyesoma slaidi hiyo peke yake angeandika “hautoi prolaktini” na kuipa nguvu ile fomu.

Rangi iliyomaliza ubishi ni PIT1. Hii ni protini inayokaa ndani ya kiini, na kazi yake ni kuiambia seli ni ya ukoo gani: ukoo wa prolaktini, homoni ya ukuaji na TSH, inayoamsha tezi dundumio. SF1 huashiria ukoo wa homoni za uzazi na TPIT ule wa ACTH, inayoziamsha tezi za juu ya figo kutoa kotisoli. Shirika la Afya Duniani liliziingiza protini hizi kwenye msingi wa uainishaji wake mwaka 2017, na toleo la 2022 limeendelea na mkondo huo huku likiuita ugonjwa wenyewe uvimbe wa nyuroendokrini wa pituitari. Kwenye kinyama chetu PIT1 iliwasha karibu kila kiini, vyeusi vile vilivyojikunja, kimoja baada ya kingine. SF1 na TPIT hazikuwasha kitu. Homoni ya ukuaji na TSH hazikuonekana. Kipokezi cha estrojeni kilionekana kwenye viini vingi, jambo linaloendana na prolaktinoma.

Dawa ilikuwa imeinyang'anya seli mwili na bidhaa yake. Ukoo haikuugusa. Wakati mitambo ya saitoplazimu ilikuwa imebomolewa, kiini bado kilikuwa kinalitaja jina lake, na ndiyo maana kwa uvimbe uliopitia dawa naziamini zaidi rangi za kiini kuliko rangi za homoni. Maabara isiyo na PIT1 bado inaweza kufika mahali salama kwa CD45, sinaptofisini na keratini, mradi tu ijue kwamba mgonjwa alikuwa kwenye dawa. Bila habari hiyo, hata maabara yenye kila kitu inaweza kupotea.

Sehemu iliyonipa shida zaidi ni Ki-67, kipimo cha asilimia ya seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika. Ilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa mgonjwa asiye na dawa ningeiandika kama habari njema. Hapa sikuthubutu. Kabegolini inapunguza pia mgawanyiko wa seli, kwa hiyo namba ile ilikuwa inanieleza hali ya uvimbe ukiwa umeshikwa shingo, na haikunieleza ungefanya nini ukiachiwa. Nimeona ripoti ambapo Ki-67 ya uvimbe uliotibiwa inanukuliwa kwa utulivu kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa ya uvimbe huo. Naamini ni kosa, na kosa lenyewe linamwangukia mgonjwa miaka mitatu baadaye, pale mtu anapoamua kurefusha pengo kati ya picha moja ya MRI na nyingine kwa kuitegemea namba hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine, kwenye pembe moja ya kipande cha nta. Kisiwa cha seli labda mia mbili kilikuwa hakijasinyaa. Saitoplazimu ilikuwa pana, viini vya mviringo na vyepesi, prolaktini imeshika kwa nguvu, PIT1 kama kawaida. Nilimwonyesha daktari aliyekuwa akijifunza kwangu, nikamwambia aweke nusu ya uwanja wa hadubini kwenye kisiwa na nusu kwenye seli zilizonywea. Mpaka ulikuwa mkali, hatua mbili tatu za seli tu. Akaniuliza kama ni uvimbe mbili. Ni mmoja. Seli za prolaktinoma haziko sawa katika kuisikia dawa, na sababu moja ni kwamba hazina vipokezi vya D2 kwa wingi ulio sawa. Kisiwa kidogo cha viziwi hakibadilishi prolaktini ya damu mtu anapokuwa na seli milioni zinazosikia. Ila nilikihesabu, nikakipima, nikakiandika.

Dawa nyingine haziachi alama kama hii, na inafaa kulisema hilo ili mtu asitegemee picha moja kwa kila mgonjwa. Okreotaidi na lanreotaidi, zinazotolewa kwa wenye uvimbe wa homoni ya ukuaji, hugusa tishu kwa upole zaidi: seli hupungua kidogo au hazipungui, kovu kidogo huzunguka mishipa, Ki-67 inaweza kushuka, na kipokezi cha SSTR2, ambacho dawa hizi hukishika, chenyewe kinaweza kuonekana haba kuliko kilivyokuwa. Mara nyingi ukiwekewa slaidi hiyo bila historia huwezi kukisia kwamba dawa ilipita. Pegvisomanti haina sababu ya kubadili sura ya uvimbe, kwa maana inafanya kazi kwenye kipokezi cha homoni ya ukuaji huko mwilini, na uvimbe wenyewe haiugusi. Kwa ugonjwa wa Cushing, ambapo uvimbe wa pituitari hutoa ACTH kupita kiasi, mambo yanageuka tena. Seli za kawaida za ACTH zilizo pembeni mwa uvimbe huota ukanda wa keratini kwa sababu ya kotisoli nyingi, badiliko alilolieleza Crooke mwaka 1935, na ukanda huo ni ushahidi mzuri kwamba mwili kweli ulikuwa na kotisoli kupita kiasi. Mgonjwa akipewa kabla ya upasuaji dawa ya kuzima kotisoli kwenye tezi za juu ya figo, ushahidi huo unaweza kufifia, ingawa dawa haikuigusa pituitari moja kwa moja.

Na ipo steroidi. Hii siwezi kuiacha, kwa kuwa ingehusu kisa chetu kama kingekuwa kweli limfoma. Deksamethasoni ikitolewa siku chache kabla ya kuchukua kinyama inaweza kuziyeyusha seli za limfoma hadi ubaki na makrofaji, seli zinazosafisha mabaki, na kovu. Kwa hiyo kabegolini inaweza kuifanya prolaktinoma ifanane na limfoma, na deksamethasoni ikaifanya limfoma ifanane na kitu kisicho na jina. Zote mbili hupita bila kuandikwa, moja kwa kuwa inamezwa mara mbili tu kwa wiki, nyingine kwa kuwa ilichomwa usiku wa dharura na aliyeichoma alikwisha maliza zamu.

Ripoti niliyotoa siku ya nne iliandikwa hivi: “Uvimbe wa nyuroendokrini wa pituitari wa ukoo wa PIT1, aina ya laktotrofu (seli za prolaktini), wenye mabadiliko makubwa yanayolingana na tiba ya kabegolini ya miezi kumi na moja. Hakuna limfoma. Ki-67 ni chini ya asilimia 1 ikipimwa mgonjwa akiwa kwenye dawa, na isichukuliwe kama kipimo cha tabia ya uvimbe bila dawa. Kuna eneo dogo ambalo halijaitikia dawa.” Nikampigia daktari wa upasuaji kabla ripoti haijafika, kwa sababu nilijua alikuwa anasubiri kusikia kama atamrudisha mgonjwa mezani kuufuata uvimbe uliobaki. Nilimweleza kwamba uliobaki ni uvimbe unaosikia vidonge.

Uvujaji ulikuwa umezibwa kwa mafuta na utando uliogeuzwa kutoka ukuta wa kati wa pua. Kabegolini ilisimamishwa ili kiraka kishike, na hilo lilijadiliwa kwa kirefu, kwa kuwa kila wiki bila dawa ni wiki ya seli kujaa tena. Prolaktini ilikuwa 3 siku ya upasuaji. Wiki ya tatu bila vidonge ilikuwa 160. Wiki ya sita ikawa 410, na mke wake akasema mwalimu ameanza tena kulalamika kichwa cha alfajiri. Kiraka kilikuwa kikavu. Dawa ikarudishwa kwa robo miligramu mara mbili kwa wiki, ikapandishwa taratibu, na akaelezwa kwamba tone lolote la maji safi puani ni sababu ya kuja siku hiyo hiyo, si siku ya kliniki. Akaelezwa pia, yeye na mke wake wote wawili, kuhusu jambo ambalo wagonjwa wa dawa hizi wengi hawaambiwi: wachache wao hushikwa na tamaa wasiyoweza kuizuia ya kamari, kununua vitu au ngono, na aliye karibu huwa anaiona kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Miezi sita baada ya kurudi kwenye dawa prolaktini ilikuwa 11, na picha ilionyesha mabaki ya milimita 15 yaliyotulia upande wa kushoto. Bloku za nta ziko kabatini kwangu, zimewekewa alama kwenye pembe yenye kile kisiwa. Mabaki hayo yakianza kukua akiwa anameza vidonge vyake, kitu cha kwanza nitakachotaka kujua ni kama yaliyokua ni yale yaliyojificha kwenye kisiwa, na safari hiyo vipande viwili vitasomwa pamoja, cha kwanza na cha pili, tarehe na kipimo cha dawa vikiwa vimeandikwa juu ya kila kimoja.